Mama Mabaki na Chupa ya Nne

Asubuhi ya mwisho ya kawaida mke wangu aliniuliza kama alivyoniuliza kila siku, "Fundi, leo kunanukia nini?"

Nilikuwa mlangoni navaa viatu. Nikatoa kichwa nje, nikamwambia kunanukia mvua.

"Mvua ya kweli au ya kutania?"

"Ya kutania."

Akachukua mwavuli hata hivyo. Akala yai lake la kuchemsha akiwa amesimama, anafunga kitambaa kichwani kwa mkono mmoja. Nikamwambia aketi, chakula hakikimbii.

"Chakula hakikimbii. Basi linakimbia." Akanitazama miguuni. "Fundi viatu wa mtaa mzima, na kisigino chako kimelala upande kama mlevi."

Nikacheka. Akatoka. Mvua haikunyesha. Mwavuli aliuweka nyuma ya mlango wa jikoni, kule hotelini alikofanya kazi, na hapo ndipo ulipokutwa.

Sina zaidi ya asubuhi ile. Ningejua, ningemtazama vizuri.

Watu walimwita Mama Mabaki. Alikuwa mwosha vyombo hotelini. Baadaye akawa mtu wa kuchagua mvinyo gani unywewe na chakula gani. Kisha akarudi kuosha vyombo. Huko kurudi ndiko kunakoniuma, maana mkono wangu umo.

Nilimpata bandani kwangu. Alikuja na kiatu kilichokatika mkanda, akasimama kwa mguu mmoja kama korongo kwa sababu hakutaka kukanyaga vipande vya ngozi. Nilishona polepole. Alipovaa akasema, "Umeshona vizuri. Lakini umechelewa makusudi." Nikainamia sindano yangu, kwa kuwa ilikuwa kweli. Mwaka uliofuata tukaoana. Mungu akatupa binti mmoja, tukashukuru.

Kazi ya hoteli aliianza binti yetu akiwa anatambaa. Ukutani jikoni kulikuwa na kidirisha, na trei kutoka ukumbini ziliingilia hapo. Yeye alikaa upande wa pili, mbele yake sinki tatu: la maji moto, la sabuni, la kusuuza. Glasi huoshwa kwanza, kabla maji hayajashika mafuta. Hata nyumbani, nikiosha sufuria kabla ya kikombe, alinitazama kama nimeiba.

Wenzake walimwaga mabaki wakaosha. Yeye alitazama kwanza. Aliona mtu ameacha samaki nusu na mvinyo nusu. Mwingine amekula samaki yule yule mpaka miiba, na glasi kavu. Akaanza kuwauliza wahudumu, huyu alipewa chupa gani? Na yule? Wakamcheka. Ndipo wakamwita Mama Mabaki, na halikuwa jina la heshima.

"Mgeni ukimuuliza anasema kizuri, asante," alikuwa akiniambia. "Sahani yake haina adabu hiyo. Inasema kweli."

Mpishi mkuu alikuwa mtu wa kelele lakini moyo wake siagi. Alimwita mke wangu dada, kwa hiyo mimi nikawa shemeji bila kuulizwa. Alipoona anavyozitazama trei, akaanza kumwachia chupa zenye tone chini, na kipande cha nyama ambacho hakijaguswa. Mke wangu alionja, akatema, akaosha. Hakuwa mnywaji. Lakini dada yangu mkubwa alisikia harufu kwenye nguo zake, akaja juu.

"Wifi, ndugu yangu ameoa mke au ameoa pipa?"

"Mimi naonja natema, wifi. Wewe kwenye harusi ya jirani ulimeza mpaka ukalala na viatu."

"Nilikuwa nimechoka!"

"Ndiyo. Chupa mbili za uchovu."

Wakanuniana siku mbili, ya tatu wakasukana nywele.

Daftari hakuwa nalo. Alikuwa na vizibo. Alichukua kisu changu cha kukatia ngozi akavichonga alama: mkato mmoja samaki, miwili kuku, mitatu nyama nyekundu. Kizibo cha mvinyo uliogombana na chakula alikichoma ncha kwa moto. Kopo la biskuti likajaa. Mimi nilichojua ni kwamba kisu changu kilikuwa butu kila Jumatatu.

Siku akiwa mapumziko alinifanya mwanafunzi. Aliniwekea kuku wa kukaanga, maharage, yai, na vikombe vya chai vyenye mvinyo kidogo, maana glasi hatukuwa nazo.

"Kula mafuta kwanza. Haya, kunywa huu mchachu. Umeona?"

"Umenifagia mdomo."

"Basi umeelewa. Sasa huu mwekundu."

Ulinikaba ulimi kama ndizi mbichi. Nikakunja uso.

"Huo ni ukakasi. Ukiwa peke yake unakusuta. Upe nyama yenye mafuta, unatulia kama mume aliyeshiba." Pilipili, alisema, haitaki mvinyo mkali, inataka wenye sukari kidogo wa kuibembeleza. Kitamu cha mwisho kisiuzidi mvinyo wake kwa utamu, la sivyo mvinyo unageuka siki mdomoni. Na yai ni kaidi, halipatani na mtu.

"Kama dada yangu," nikasema.

"Umesema wewe, mimi simo."

Siku moja mchana mgeni alirudisha samaki. Alisema ana ladha ya chuma. Meneja akaingia jikoni anafoka. Mpishi mkuu akaonja samaki, akamwona mzima, akafoka naye. Mwishowe akashika beseni zima la samaki akamwage. Mke wangu akageuka pale sinkini, mikono ina povu.

"Kaka, samaki hana kosa. Huyu ana mafuta, na wamempa mgeni ule mwekundu wenye ukakasi. Hao wawili wakikutana ni kama kulamba msumari."

Meneja akasema, "Nani kamuuliza mwosha vyombo?"

"Mimi," mpishi mkuu akasema. Akachukua chupa ya mweupe mchachu mwenyewe, akatoa kipande kingine cha samaki yule yule, akapeleka. Trei iliporudi ilikuwa na miiba tu. Mgeni akaomba kumwona aliyechagua. Mke wangu akatoka ukumbini na aproni yake iliyolowa, akasimama, akapewa asante, akarudi.

Aliponihadithia hakucheka hata kidogo.

"Fundi, wameniona uso."

Miaka kumi na mmoja walikuwa wakiona mikono tu, ikitokea kidirishani.

Baada ya hapo akapewa ufunguo wa stoo ya mvinyo. Nilimshonea viatu vya ukumbini, vyeusi, soli laini isiyolia, maana alisema kiatu kinacholia kinamharakisha mgeni kumeza. Jina likabaki lile lile, Mama Mabaki, ila sasa watu waliliita kwa sauti nyingine.

Hakuwauliza wageni wanapenda mvinyo gani. Aliwauliza asubuhi wamekula nini. Mara moja walikuja mume na mke wamenuniana, hata kiti hawakuvutiana. Mume anataka nyama, mke anataka samaki, na chupa ni moja.

"Tuletee mwekundu," mume akasema.

"Mweupe," mke akasema, "au nirudi nyumbani."

Mke wangu akawaletea mwekundu mwepesi, usio na ukakasi, ameupoza kidogo. Akamwambia yule bwana, huu ni mwekundu kama ulivyotaka. Akamwambia yule mama, lakini una tabia ya mweupe, hautamgusa samaki wako. Walipofika nusu ya chupa walikuwa wanaonjeshana kwa uma. Mke wangu alisema ile trei aliifuata mwenyewe kidirishani kuitazama, kwa raha yake tu.

Miaka tisa aliifanya kazi hiyo. Sijawahi kuona mtu anayeipenda kazi yake hivyo, na mimi naipenda yangu.

Kisha akaugua mafua. Mafua haya haya ya kila mtu. Homa wiki moja, kikohozi wiki mbili, akapona. Nilikuwa bandani nikasikia harufu ya maziwa yanaungua. Nikakimbilia jikoni. Alikuwa amesimama kando ya jiko, sufuria inafuka moshi mgongoni pake, yeye anakunja nguo na kuimba.

"Maziwa!" nikasema.

Akageuka. Akainama juu ya sufuria, akavuta pumzi. Akavuta tena. Akaenda bandani, akarudi na kopo langu la gundi, akalifungua, akaliweka puani. Gundi ile inaweza kumwamsha maiti. Akaniangalia juu ya kopo.

Daktari alisema huenda harufu itarudi, huenda isirudi. Ulimi ulikuwa mzima. Chumvi, sukari, uchachu, ukakasi, vyote alivipata. Vilivyobaki vyote vilikuwa vimeondoka.

"Nimeachiwa kuta, Fundi," aliniambia. "Vyombo vya ndani vyote vimeibwa."

Hakutaka hotelini wajue. Wangemrudisha kidirishani kesho yake. Akaniomba niwe pua yake.

"Pua yangu ni ya gundi," nikamwambia.

"Pua ya gundi ni pua. Yangu ni pambo."

Ijumaa na Jumapili nilikuwa nakaa nyuma ya hoteli, kwenye mlango wa jikoni, nashona na kupiga rangi viatu vya wahudumu. Nilikuwa na desturi hiyo miaka mingi, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Chupa zote za wiki akazipanga zifunguliwe kwa mara ya kwanza siku hizo. Akifungua anapitia kwangu na glasi yenye tone. "Nusa." Nanusa. Nasema ninachokijua. Ndimu. Majani yaliyokatwa sasa hivi. Moshi. Mbao. Sukari iliyoungua. Yeye anaonja, anaunganisha la ulimi wake na la pua yangu, anakwenda zake ukumbini. Jikoni walidhani ananidekeza.

"Shemeji anaharibiwa huyu," mpishi mkuu akasema. "Kesho atataka kitambaa cha mapajani."

Na asubuhi, kabla ya lolote, alikuwa ananiuliza leo kunanukia nini. Vumbi, nasema. Mkate wa jirani. Sabuni. Alikuwa anafumba macho nikimwambia.

Tulikwenda hivyo miezi minane bila kosa.

Hoteli ikapata meneja mpya. Huyu akamwambia mwenye hoteli kwamba mahali kama pale hapawezi kuwa na mtu wa mvinyo aliyesomea kwenye sinki. Alimjua bwana mmoja mwenye cheti. Mwenye hoteli hakuwa mtu mbaya. Akasema Jumapili fulani ataleta jamaa zake mchana. Mama Mabaki apange vyakula vitano na mivinyo mitano. Wakiridhika, anabaki na ufunguo wake. Wasiporidhika, mwenye cheti aje.

Wiki tatu hakulala vizuri. Alipanga akapangua. Mimi nakumbuka zaidi cha nne, maana alikitaja hata usingizini: mguu wa kondoo wa kuoka, na mvinyo mwekundu wa zamani uliolala stoo miaka ishirini. Alisema cha kwanza mpaka cha tatu ni salamu. Cha nne ndicho mazungumzo.

Jumapili yenyewe nilikuwa mlangoni na viatu vyangu. Akaja na tone la kwanza, nikanusa, nikasema. La pili. La tatu. Trei zikaanza kurudi, na mpishi mkuu akapiga kofi ukutani. "Dada! Sahani zimelambwa! Hata za kuosha hakuna!"

Akafungua ya nne. Akaniletea tone lenye rangi ya tofali.

Nataka kuandika hapa kama ilivyokuwa. Nilisikia ngozi. Ngozi nzuri, iliyokolea. Na chini ya ngozi nikasikia ukungu, kama kiatu kilichosahauliwa kwenye kona yenye maji mpaka kikaota mvi. Vyote viwili nilivisikia.

Nikasema, "Unanukia kama bandani kwangu."

Akacheka. Alikuwa hajacheka hivyo tangu mafua. Alicheka mpaka mabega. "Basi ngozi imeiva! Huu ukizeeka vizuri unatoa ngozi, Fundi. Na yule kondoo!" Akanishika shavu mbele ya watu.

Banda ililolijua pua yake ni la zamani. Paa lilianza kuvuja akiwa hana pua tena, na ile kona ya nyuma ikaingia ukungu. Mimi nimo humo kila siku, ngozi na ukungu kwangu ni kitu kimoja. Katika neno langu yeye alisikia ngozi tu. Nikawa na neno mdomoni la kumwambia. Nikamwona anavyong'aa. Nikajiambia, wewe fundi viatu unajua nini, labda kitu cha miaka ishirini lazima kiwe na ukungu. Neno nikalimeza. Akaenda.

Nikasimama nikachungulia kidirishani. Alizunguka meza yote akimimina, mkono wa kushoto mgongoni. Mke wa mwenye hoteli akaleta glasi puani, akairudisha mezani bila kunywa. Akamtazama mumewe. Mumewe akanusa naye.

"Mama, huu umeunusa?"

"Ndiyo, bwana."

"Hebu unuse tena."

Meza nzima ikamtazama. Akachukua glasi, akaileta puani. Nilimwona akivuta pumzi kama mtu anayevuta kamba kisimani na ndoo haiji. Hakujua kama mvinyo ni mbovu au wanamjaribu. Akisema ni mzuri na ni mbovu, ameumbuka. Akisema ni mbovu na ni mzuri, ameumbuka vile vile. Akabaki ameshika glasi.

"Una nini, mama?" mwenye hoteli akamuuliza. Alimuuliza kwa upole, ndilo lililo baya.

"Pua yangu haifanyi kazi, bwana. Tangu nilipougua mafua."

Akaishia hapo. Hakusema kwamba kuna mtu alimnusia.

Mpishi mkuu akainusa ile chupa jikoni akasonya. "Kizibo kimeoza, dada. Ni kizibo tu. Hutokea hata kwa wafalme." Lakini kizibo hakikuwa tena shauri la watu. Mtu wa mvinyo hana pua, hilo ndilo lililokuwa shauri. Hawakumfukuza. Walimshukuru sana, wakamwambia nafasi yake ya vyombo ipo. Ufunguo aliuacha juu ya meza ya meneja. Mwenye cheti akaja mwezi uliofuata.

Siku ile tulirudi kwa miguu. Alikuwa amevua vile viatu vyeusi amevishika mkononi, na mimi sikumkataza. Nilingoja aniulize. Hakuuliza. Tulipofika kwenye duka la vitambaa, penye nguzo ya taa, yeye ndiye aliyesema.

"Usijilaumu. Uliniambia ngozi, na ngozi ilikuwemo. Ukungu ulijificha."

"Pua yangu ni ya gundi," nikasema.

"Najua, mume wangu." Akanishika mkono.

Pale ndipo palipokuwa pa kusema. Nimepita mahali pale mara nyingi tangu hapo. Duka limebadilishwa rangi. Sikusema.

Mwaka mmoja na miezi minne aliosha vyombo. Trei ziliingia, hakuzitazama tena, alimwaga na kuosha kama wenzake. Lile kopo la vizibo alimpa binti yetu, wajukuu wachezee. Wahudumu wapya walimwita Mama Mabaki bila kujua jina lilitoka wapi, wakadhani ni kwa sababu ya kazi. Hakuwasahihisha.

Mimi aliendelea kuniuliza. Kila asubuhi, leo kunanukia nini. Kila asubuhi aliniamini upya. Angenitukana ingeniuma kidogo kuliko hivyo. Nikawa namwambia kila kitu, hata mtaro, hata panya aliyekufia darini.

"Siku hizi umekuwa mkweli mno," akasema. "Utaninyima hamu ya chai."

Kuna asubuhi nilifungua mdomo nimwambie. Nikasema, mama, kuna jambo. Akasema, sema. Nikasema soli ya kiatu chako cha kulia imeachia. Akaivua akanipa.

Siku ile ya mwavuli, saa nne, mpishi mkuu alisikia glasi zinavunjika moja baada ya nyingine. Katika miaka yote ile hakuwa amevunja hata tano. Alimkuta ameshikilia ukingo wa sinki, mdomo umekwenda upande. Nilipofika hospitali alikuwa amelazwa, mkono wa kulia hauna kazi. Binti yetu alikuja na basi la mchana. Alikaa kitandani penye miguu ya mama yake, akaikanda siku nne.

Alifariki Alhamisi, kabla ya chai ya asubuhi. Msibani mpishi mkuu alikuja, akavua koti, akaosha vyombo vya watu wote peke yake, glasi kwanza. Dada yangu alilia kuliko sote. "Nani atanijibu sasa?" alikuwa anasema. "Jamani, nani atanijibu?" Mwenye hoteli alituma maua. Sikujua maua yanawekwa wapi, nikayatia kwenye ndoo.

Lakini kuna Jumatano, siku moja kabla.

Jumatano akili zake zilikuwa zote, mdomo tu ndio ulikuwa mzito. Binti yetu alikuwa ametoka kutafuta maji ya kunywa. Kitanda cha pili mgonjwa alikuwa anamenya chungwa. Nikavuta kiti karibu. Nikamwambia ile chupa ya nne nilisikia ukungu. Nilisikia sawasawa, siyo kwa mbali. Nikanyamaza kwa sababu ulikuwa unacheka. Na siku ile njiani nilikuacha uamini ni pua yangu.

Akatazama dari. Jicho moja lilikuwa linatoa machozi, lakini muuguzi alikuwa ameshaniambia jicho la upande ule hujitolea lenyewe, kwa hiyo sijui. Nilidhani hakunisikia, nikataka kurudia, nikashindwa. Binti yetu akarudi na maji, akatuona, akasimama pale pale mlangoni.

Ndipo mke wangu akageuza kichwa. Alisema polepole, neno moja moja, na nimeyaandika kama yalivyotoka:

"Ungesema tu, Fundi. Zilikuwa sita sandukuni. Ningefungua nyingine."